Mambo ya Kuandaa Kabla ya Mtihani wa Udereva

Uliza mapema utatahiniwa kwa gari gani, na ukipata nafasi liendeshe hata nusu saa siku moja kabla. Mtu anaweza kuwa amekariri alama zote za barabarani akaja kuangushwa na klachi asiyoizoea.

Kila klachi ina mahali pake pa kushikia, yaani pale injini inapoanza kuyasukuma magurudumu. Mpya aghalabu hushika karibu na sakafu. Iliyolika hushika juu, pedali ikikaribia kurudi yote. Kupatafuta, simamisha gari mahali tambarare palipo wazi mbele, vuta handibreki, weka gia namba moja, kisha inua mguu polepole bila kukanyaga mafuta. Muungurumo utashuka na pua ya gari itainuka kidogo, kama linalotaka kuchomoka. Hapo ndipo. Tuliza mguu hesabu mbili, kanyaga tena, rudia mara kumi mpaka mguu upajue wenyewe. Mlimani, pafikie kwanza mahali hapo, ongeza mafuta kidogo, ndipo ushushe handibreki. Wanagenzi wengi huishusha kwanza kwa wasiwasi, na gari hurudi nyuma.

Kiti nacho kina kazi kubwa kuliko kinavyodhaniwa. Kisogeze hadi klachi ikikanyagwa yote goti libaki limekunjika kidogo, na mgongo ukiegemea, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani. Anayekaa mbali huikanyaga klachi nusunusu, ndiyo maana gia hukwaruza. Vioo hurekebishwa baada ya kiti, maana ukisogea vyote vinapoteza shabaha. Cha kati kionyeshe dirisha lote la nyuma. Vya pembeni vionyeshe ubavu wa gari kwa ukingo mwembamba tu. Hata hivyo hubaki pembe isiyoonekana kwenye kioo chochote, na pikipiki nzima huenea humo, kwa hiyo tazama juu ya bega kabla ya kuondoka. Tena, mtahini si rahisi azione mboni zako zikizunguka: geuza kichwa kidogo kila utazamapo kioo.

Vaa viatu vya soli nyembamba vinavyoshika kisigino. Kandambili huweza kunasa chini ya pedali. Leseni ya mwanagenzi, kitambulisho na miwani, kama unavaa, viwe pamoja tangu usiku.

Asubuhi kagua indiketa, taa za breki, honi, wipa na tairi (nchi nyingi hutaka kashata, yaani mifereji ya tairi, zenye kina kisichopungua milimita 1.6). Jizoeze kuzipapasa swichi bila kutazama chini, kwani mvua haingoji mtihani uishe.

Zoezi la umbali halihitaji hata gia. Ukiwa abiria, chagua nguzo. Gari la mbele likiipita, hesabu sekunde 2 kabla ninyi hamjaifikia, na kwenye mvua 4. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari hula karibu mita 14 kila sekunde, yaani kuchelewa kidogo tu kukanyaga breki ni urefu wa magari matatu.

Jizoeze pia kuzimikiwa na gari. Klachi na breki chini, handibreki juu, gia huru, washa, weka gia, tazama vioo na bega upya. Mara nyingi kuzima mara moja hakumfelishi mtu. Kinachomponza ni pupa ya kuwasha na kuondoka huku gia bado ni namba tatu.