Aliyekugonga ana bima isiyotosha: jinsi ya kudai fidia Kenya

Chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, kampuni ya bima hailazimiki kumlipa majeruhi mmoja zaidi ya shilingi milioni 3. Mahakama ikikupa milioni 4.2, hizo milioni 1.2 utamdai mwenye gari mwenyewe. Basi jiandae kumdai tangu mwanzo.

Anzia kituo cha polisi: nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kisha abstrakti, yaani muhtasari rasmi wa polisi kuhusu ajali. Isome papo hapo kaunta: namba ya gari, dereva, mwenye gari, kampuni ya bima, namba ya cheti na tarehe kinapoisha. Herufi moja ikikosewa, wakili wa bima ataing'ang'ania hadi mwisho. Daktari akujazie fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, na risiti zote zitunzwe, hata ya nauli ya kwenda kliniki. Halafu tafuta rekodi ya umiliki wa gari NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Magari mengi huuzwa bila kubadilishwa jina. Abstrakti ikitaja mtu mmoja na rekodi ikitaja mwingine, washtaki wote wawili pamoja na dereva.

Kabla kesi haijafunguliwa, kampuni ya bima ipelekewe notisi ya kifungu cha 10 cha Sura ya 405, yaani barua ya kuijulisha kuwa unashtaki, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila notisi hiyo unaweza kushinda kesi, kampuni ikagoma kulipa, na sheria ikawa upande wake. Madai ya majeraha hufa baada ya miaka 3 tangu ajali. Kuzungumza na bima hakusimamishi muda huo, na wapo wanaozungumza kwa makusudi ili uishe.

Jihadhari na hundi ya mapema kutoka kwa bima. Huja na fomu inayosema umepokea “malipo kamili na ya mwisho”. Ukitia sahihi, kwa kawaida umemsamehe na mwenye gari. Kama ni sehemu tu ya deni, iandikwe hivyo.

Hukumu ikishatoka na kampuni isilipe, hushtakiwa kivyake ili ilipe kiasi kinachoihusu. Kwa salio, omba mwenye gari aitwe mahakamani, aapishwe na kutaja mali zake. Hapo dalali wa mahakama, anayekamata mali ili deni lilipwe, atajua pa kuanzia. Mwenye gari akiwa hana kitu, chukua malipo kwa awamu, ila yasajiliwe mahakamani.

Uharibifu wa gari lako ni habari nyingine, kwani Sura ya 405 inalazimisha bima ya kifo na majeraha tu. Kama una bima kubwa (comprehensive), dai kwa kampuni yako. Kama huna, na hasara haizidi milioni 1, nenda Mahakama ya Madai Madogo, ambako unaweza kujiwakilisha bila wakili. Beba picha, abstrakti na ripoti ya mkaguzi wa magari.