Usiufagie Msitu: Namna ya Kuwatunza Ndege wa Milima ya Taita

Ukitaka kuwasaidia ndege wetu wa Milima ya Taita, hapa Kenya, anza kwa kuweka panga chini. Nasema hivi kwa sababu kila msimu wa mvua naona vikundi vikija kwa moyo mweupe, vinafyeka vichaka chini ya miti ili msitu upendeze, kisha vinapanda miche. Ndege waliyekuja kumwokoa wameshamfukuza.

Tunao ndege wawili wasiopatikana kwingine popote duniani. Apalisi wa Taita ni mdogo, wa kijivu mgongoni, na anahesabiwa miongoni mwa ndege walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Huyu hutafuta wadudu chini chini, kwenye vichaka vilivyosongamana, hasa pale mti ulipoanguka na mwanga ukaingia. Thrashi wa Taita naye anataka kivuli na unyevu. Kichwa na kifua ni cheusi, tumbo jeupe, ubavu wa rangi ya kutu, mdomo wa rangi ya chungwa. Mtazame anapokula: anatua, anashika jani kavu kwa mdomo, analitupa kando, anatulia kidogo, kisha anachomoa mdudu. Ukishazoa majani hayo kwenda kutandika zizini, umemnyima chakula.

Basi kanuni yangu ya kwanza ni hii: majani yaliyoanguka yabaki, magogo yaliyooza yabaki, vichaka vya kwenye mianya iliyoachwa na miti iliyoanguka vibaki. Ng'ombe na mbuzi wasiingie, maana wanakanyaga kila kitu. Kuni zitoke shambani. Panda migrevilea mpakani mwa shamba lako, upogoe matawi, na mama wa nyumbani hatakuwa na haja ya kupanda hadi msitu wa Ngangao na kamba mgongoni. Hili la kuni nalisisitiza, kwani hakuna uhifadhi utakaodumu huku watu wakikosa cha kupikia.

Msitu wetu wa asili umebaki vipande: Mbololo, Ngangao, Chawia, Vuria, Fururu, Msidunyi na vingine vidogo zaidi. Katikati ni mashamba, na mikaratusi na misonobari iliyopandwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulipima miguu ya ndege wa msituni wa spishi saba katika vipande hivi, na ukakuta kwamba pale msitu ulipoharibiwa zaidi, mguu wa kulia na wa kushoto ulitofautiana zaidi kwa urefu. Shida ya msitu imeingia hadi kwenye mifupa yao. Ndiyo maana naona kazi kubwa ni kunenepesha vipande na kuviunganisha, tukianzia kandokando ya vijito.

Mbegu okota chini ya miti mingi tofauti, iliyoachana, usijaze gunia kutoka mti mmoja. Kati ya miti ya asili, Prunus africana, Albizia gummifera, Macaranga na Syzygium yote inafaa. Matunda ya Prunus yakiiva, menya nyama yake, osha, kausha kivulini na upande mbegu upesi. Mbegu zake ukiziweka ghalani zinakufa. Kitalu kiwe na paa la nyasi au matawi, na miezi ya mwisho punguza kivuli kidogo kidogo ili miche izoee jua. Ipeleke mahali pa kupandia mvua ikishashika vizuri, ardhi ikiwa imelowa hadi chini, siyo baada ya manyunyu ya siku moja.

Kuhusu misonobari ya zamani, usikate yote kwa mkupuo. Ukifanya hivyo jua linachoma udongo na nyasi zinatawala. Ongea kwanza na KFS, yaani Huduma ya Misitu ya Kenya, na chama cha jamii cha misitu, kwa sababu bila kibali hata nia njema ni kosa. Mkikubaliana, punguzeni miti michache michache na kupanda ya asili chini ya ile iliyobaki. Palizi iwe ya duara tu, hatua moja kuzunguka mche, hadi utakapozidi nyasi kimo. Kilicho nje ya duara kiache. Miche ya asili inayojiotea yenyewe, ambayo ndege wameleta mbegu zake, ifungie kijiti ili anayepalilia aione.

Fuatilia matokeo kwa daftari. Pita njia ileile kila mwezi, asubuhi na mapema, polepole, ukiandika tarehe, mahali, na ndege uliyemwona au kumsikia. Shirika la uhifadhi la Nature Kenya hufanya kazi huku Taita, na rekodi za mwenyeji anayepita njia moja mwaka mzima zina thamani kubwa. Ila simu iache mfukoni. Usimchezee apalisi sauti iliyorekodiwa ili ajitokeze upige picha. Atadhani mwenzake amevamia eneo lake, aache kula au kulisha makinda, aanze kumtafuta adui asiyekuwepo.