SOMO: Kuleta boti gatini bila kugonga

Nimeulizwa jambo hili kwa simu, kwa ujumbe, hata msikitini baada ya swala. Wengi ni vijana wanaoanza kushika usukani wa boti za abiria kati ya Mokowe na Lamu. Naliandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Kwanza lishike hili, maana hatua zote zimetoka humo. Kitu kilicho mwendoni hakisimami chenyewe. Kinaendelea na mwendo wake mpaka nguvu nyingine ikizuie. Newton aliiandika kanuni hii mwaka 1687, na shuleni tabia hiyo huitwa inesha. Gari lina breki, na matairi yanasuguana na lami. Boti haina breki. Inazuiwa na maji, na maji yana tabia inayowaponza wengi: kasi ikishuka kwa nusu, ukinzani wa maji hushuka hadi karibu robo. Ndiyo maana ukipunguza mafuta mkondoni boti inalegea haraka, unajiona umemaliza kazi, kisha zile mita za mwisho inateleza taratibu, haisimami, mpaka ipige gati.

1. Tazama mkondo na upepo. Njoo ukiukabili mkondo, hata ikibidi uzunguke.

2. Tundika matairi ubavuni mapema.

3. Abiria wakae mpaka kamba ifungwe.

4. Toa gia mapema kuliko moyo unavyokwambia. Mahali pa kutoa gia si palepale kila siku. Boti tupu ya alfajiri na boti hiyohiyo ikiwa na abiria na mifuko ya saruji ni vyombo viwili. Uzito ukizidi mara mbili kwa kasi ileile, kazi ya kuisimamisha huzidi mara mbili. Kasi ikizidi mara mbili, kazi hiyo huzidi mara nne. Kwa hiyo iogope kasi kuliko mzigo. Tena ijaribu rivasi ungali mbali. Ikigoma karibu na gati, umechelewa.

5. Usizuie boti kwa mguu wala mkono. Hapa ndipo watu huvunjika, na hapa sitanii na mtu. Chukua boti ya tani 2, inakuja mita 1 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Ukitaka kuisimamisha ndani ya sentimita 10 kwa mguu wako, huo mguu unabeba nguvu sawa na uzito wa tani 1. Boti hiyohiyo ikizuiwa polepole kwa kamba ndani ya mita 2, nguvu inashuka hadi uzito wa kilo 50 hivi. Boti ni ileile na kasi ni ileile. Umeongeza umbali wa kusimamia tu. Kwa hiyo: usikae ukingoni miguu ikining'inia nje. Usitie mkono kati ya boti na gati, hata kama boti inaonekana imelala. Akikuponyoka mtoto akakimbilia ukingoni, mshike mtoto, boti iache igonge. Ubao hurekebishwa.

6. Zungusha kamba kwenye nguzo, usiivute kwa mikono mitupu. Msuguano wa kamba na mti ndio breki yako. Mzunguko mmoja kamili unaweza kupunguza mvuto unaofika mkononi hadi kama sehemu moja ya tano, na wa pili unapunguza tena kwa kiasi hicho. Iache iteleze kidogo kidogo huku ukikaza. Usifunge fundo boti ikiwa bado inakwenda: itashtuka, na kamba ikatike au nguzo ing'oke. Usijizungushie kamba mkononi.

7. Funga omo (mbele ya boti) na tezi (nyuma yake), uache kamba ya ziada kwa maji kupwa.

MASWALI

Wa Langoni: Ami, boti yangu yagonga kila siku, nifanyeje?

Ina uzito gani? Unatoa gia wapi? Soma hatua ya 4 kwanza, ndipo uulize.

Wa Shela: Mimi nazuia kwa mguu miaka yote na sijaumia.

Alhamdulillahi. Hesabu iko hapo juu. Kama nimekosea namba, ionyeshe. Ila usimfundishe hivyo mtoto wa mtu.

Mwanafunzi, Matondoni: Shikamoo ami. Mbona aliyesimama huangukia omo boti ikigusa gati, lakini ikiondoka kwa nguvu huangukia tezi?

Marahaba mwanangu, swali zuri. Miguu imeshikwa na msuguano wa sakafu, kwa hiyo inaifuata boti. Kiwiliwili kinabaki na hali yake ya awali: boti ikisimama, chenyewe kinaendelea mbele, boti ikichomoka, chenyewe kinabaki nyuma. Weka ndoo yenye maji nusu sakafuni. Nahodha akipunguza mwendo ghafla, utayaona maji yakipanda upande wa omo. Sasa fikiria sakafu ina magamba ya samaki na maji: msuguano umepungua, miguu nayo inateleza, na mtu anakwenda mzima mzima. Ndiyo sababu ya kuosha sakafu kabla ya kupakia abiria.

Hamali: Na sisi wa mkokoteni? Saruji kwenye mchanga, kuuanzisha tu ni vita.

Kweli, kuanzisha ndiko kugumu. Unaupa mzigo mwendo ambao haukuwa nao, na gurudumu limezama, lazima lipande kutoka shimoni mwake. Toa upepo kidogo kwenye matairi yapanuke, tandika mbao pale palipo laini, na ukishaondoka usisimame katikati. Kwenye mteremko, wa kuzuia akae nyuma na kamba. Mbele ya mzigo asikae mtu.

Wa Mokowe: Kamba ya nailoni au ya katani?

Nailoni. Inanyumbuka, kwa hiyo inakuongezea ule umbali wa kusimama. Ina hatari mbili: ikikatika inarudi kwa kishindo, hivyo usisimame kwenye mstari wake, na ikiteleza kwa kasi kwenye nguzo, joto la msuguano huiyeyusha juu. Pitisha vidole pale inapopita kwenye nguzo. Ukiona pameng'aa na kuwa pagumu, kata kipande hicho, uunge upya kabla ya safari.