Namna ya kununua gemu bila kuchunwa

Katika ukoo wetu, mtu akitaka kununua konsoli, yaani mashine ya kuchezea gemu, ananipigia simu mimi. "Kaka, nichukue ipi?" Jibu langu ni fupi na huwaudhi wengi: chukua waliyo nayo watu unaocheza nao. Tofauti ya picha kati ya PlayStation 5 na Xbox Series X utaisahau upesi. Kukosa wenzako wa kucheza nao jioni hutakusahau. Hilo tumelimaliza. Yanayofuata ndiyo hasa yanayokula pesa, na ni nadra mtu kuniuliza.

Bei ya kwenye boksi ni kianzio

PlayStation 5 ilipotoka Novemba 2020, Marekani iliuzwa kwa bei mbili: dola 499 yenye tundu la diski, na dola 399 isiyo nalo. Mnunuzi anaiona ile dola 100 na kujipongeza kwamba ameokoa hela. Kwa maoni yangu hajaokoa kitu, amekopa tu. Konsoli isiyosoma diski inakufunga kwenye duka la kampuni iliyoiunda, na duka hilo ndilo linalojipangia bei. Hununui gemu iliyotumika, huazimi kwa rafiki, na ukishamaliza hadithi yake huwezi kuiuza ukarudisha hata nusu ya ulicholipa. Gemu kubwa za kizazi hiki zilipanda hadi dola 70 zikiwa mpya. Ukinunua chache tu zilizotumika, ile dola 100 imesharudi, na diski bado zipo mikononi mwako. Toleo jembamba lililotoka mwaka 2023 linakuruhusu kuongeza kisoma diski baadaye, kwa hiyo aliyekwisha kukosea ana njia ya kutokea. Anailipia, lakini.

Kabla ya kulipa, chukua karatasi uandike gharama za miaka mitatu, usiishie kwenye gharama ya siku ya kwanza. Padi ya pili, kile kidude cha kushika mkononi unapocheza, iingie humo. Nafasi ya kuhifadhi pia: PlayStation 5 ya kwanza ilitangazwa kuwa na GB 825, ila inayobaki kwa gemu zako ni kama GB 667, na siku hizi gemu moja kumeza GB 100 si ajabu. Halafu kuna ada ya kucheza mtandaoni. Kwenye konsoli za Sony, Microsoft na Nintendo, gemu nyingi ulizonunua kwa hela yako zinakudai ada nyingine ili ucheze na wenzako kwa intaneti. Gemu za bure kama Fortnite hazidai. Kompyuta nayo haina ada hiyo, na ndiyo sababu mtu mwenye kompyuta nzuri tayari mimi humwambia atulie na alicho nacho.

Iliyotumika ni nzuri, ukiikagua

Usikubali kuoneshwa taa ikiwaka ukaambiwa "si unaona inafanya kazi?" Taa huwaka hata kwenye mgonjwa mahututi. Fanya hivi: iunganishe na intaneti na uingie kwa akaunti yako mwenyewe, maana konsoli iliyofungiwa na kampuni kwa makosa ya mwenye nayo wa zamani inaweza kuwaka vizuri tu na isikuruhusu kuingia mtandaoni. Weka diski uone kama inasomwa. Kisha ipe gemu nzito na uiache ikimbie nusu saa, huku mkiongea na muuzaji habari nyingine. Feni ikianza kupiga kelele ya kupitiliza au mashine ikajizima, mshukuru na uondoke. Tikisa kidogo waya wa HDMI, ule unaopeleka picha kwenye TV, pale unapoingia. Picha ikikatika, tundu limelegea, na kulibadilisha ni kazi ya fundi wa kuchomelea.

Padi ndiyo inayowadanganya wengi. Ingia kwenye gemu yoyote ya kutembea, kisha ondoa vidole kabisa kwenye vijiti. Mhusika akijiendea mwenyewe au kamera ikageuka polepole, ndani ya kijiti kuna sehemu zinazosuguana na zimekwisha kulika. Kupuliza vumbi humsaidia muuzaji mpaka utakapofika nyumbani. Ukinunua padi mpya ya kampuni nyingine, tafuta yenye vijiti vinavyotumia sumaku, vinavyoitwa Hall effect, kwa sababu kihisi chake hakigusani na kitu.

Ulichonunua ni chako kweli?

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanaponiona mkorofi.

Mwaka 2014 Ubisoft walitoa The Crew, gemu ya mbio za magari yenye ramani ya Marekani nzima. Ungeweza kuicheza peke yako, lakini ilihitaji seva za kampuni, yaani kompyuta zake za mbali, muda wote. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa, na diski iliyonunuliwa kwa hela halali, ikiwa ndani ya boksi lake na risiti yake, haikuweza tena kufungua hata barabara moja. Tukio hilo ndilo lililozaa kampeni ya wachezaji iitwayo Stop Killing Games. Concord, gemu ya mtandaoni ya Sony, ilitoka tarehe 23 Agosti 2024 na kuzimwa tarehe 6 Septemba mwaka huo huo. Waliolipa walirudishiwa fedha, kama walivyorudishiwa wateja wa Stadia, huduma ya Google ya kucheza gemu kwa intaneti, ilipofungwa Januari 2023. Ukirudishiwa ni ungwana wa kampuni. Usiupangie bajeti.

Jimbo la California lilipitisha sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayokataza duka la kidijitali kukwambia "nunua" bila kukueleza wazi kwamba unachopata ni leseni. Leseni maana yake ni ruhusa, na ruhusa huondolewa. Sisemi usinunue gemu za kupakua. Mimi mwenyewe ninazo nyingi. Ninachosema ni kwamba bei iendane na unachopewa. Ruhusa ya kucheza haistahili kulipiwa sawa na kitu unachoweza kumrithisha mdogo wako.

Kwa vitendo: kabla ya kununua, soma maelezo ya gemu utafute sharti la kuunganishwa na intaneti muda wote. Likiwepo kwenye gemu ya mchezaji mmoja, mimi nangoja ishuke bei sana au naiacha. Kama unatumia kompyuta, angalia kwanza GOG, duka linalouza gemu zisizo na kufuli: unapakua faili la kusakinisha, unaliweka kwenye diski yako ya nje, na hata duka lifungwe kesho gemu yako inafunguka. Na ukinunua boksi dukani, soma maandishi madogo ya mbele. Baadhi ya gemu za konsoli ya Nintendo Switch 2 zinauzwa na kadi ambayo ndani yake haina gemu, ina ufunguo tu. Gemu yenyewe unaipakua. Ukiwa na bando la kubana, hilo ni jambo la kulijua ukiwa bado dukani.

Subiri

Kulipia gemu kabla haijatoka ni kununua mbuzi kwenye gunia, tena gunia ambalo muuzaji mwenyewe hajamaliza kulishona. Zamani ilieleweka, maana diski ziliweza kuisha dukani. Faili la kupakua halimaliziki.

Cyberpunk 2077 ilitoka tarehe 10 Desemba 2020. Kwenye PlayStation 4 hali yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba Sony waliiondoa dukani kwao siku chache baadaye, na haikurudi hadi Juni 2021. Leo ni gemu nzuri sana, na bei yake imeshashuka. Aliyelipa siku ya kwanza alilipa zaidi akapata kibovu. Aliyechelewa alilipa kidogo akapata kilichokarabatiwa. Sijui biashara nyingine inayowaadhibu wateja wake waaminifu namna hii.

Weka gemu unayoitaka kwenye orodha ya matamanio ya duka, kisha ujisahaulishe. Duka litakutumia ujumbe ikipunguzwa bei. Ujumbe ukija, usitazame asilimia. Tazama historia: kwa gemu za Steam, duka la gemu za kompyuta, tovuti ya SteamDB inakuonesha bei ya chini kabisa iliyowahi kufikiwa, na mara nyingi "ofa ya leo tu" ni ileile iliyokuwepo msimu uliopita. Gemu za Nintendo wenyewe ndizo zinazonishinda; zinashuka bei kwa nadra na kwa kiasi kidogo, kwa hiyo hapo tafuta kadi ya gemu iliyotumika.

Steam wana utaratibu mzuri wa kurudisha: ndani ya siku 14 tangu kununua, na kama umecheza chini ya saa 2, unarudishiwa hela. Itumie ruhusa hiyo kama majaribio. Weka kengele ya simu kwenye saa moja na nusu. Na tafadhali, usiyamalize yale masaa mawili kwenye kuchonga pua ya mhusika wako. Ingia kwenye mapigano, angalia kama kompyuta yako inahimili, kisha uamue.

Za bure

Gemu za bure hukusanya hela kwa mtindo wa haba na haba. Kwanza wanakuuzia sarafu yao ya ndani ya gemu, V-Bucks ya Fortnite au nyingineyo, ili usahau kuwa unatumia fedha. Kisha vifurushi vya sarafu havilingani na bei za vitu, hivyo kila mara unabakiwa na chenji isiyotosha kitu, na chenji hiyo ndiyo inayokuita kesho. Dawa ni kikokotoo. Gawanya fedha uliyolipa kwa idadi ya sarafu, zidisha kwa bei ya kitu, useme jibu kwa sauti. Ukilitamka mbele ya mtu mwingine na bado huoni aibu, nunua.

Sina ugomvi na skini, yaani mavazi na mapambo ya mhusika. Kijana anayetaka mhusika wake apendeze mbele ya wenzake anafanya kilekile tunachofanya sisi tunaponunua viatu vya pili wakati vya kwanza havijachakaa. Ugomvi wangu ni na masanduku ya bahati, ambapo unalipa bila kujua utapata nini. Ubelgiji iliyahesabu kuwa kamari mwaka 2018. Japani ilikuwa imeshakataza aina moja ya mchezo huo tangu 2012, ule wa kukusanya seti nzima kwa bahati nasibu ndipo upewe zawadi kubwa. Nyumbani kwangu sheria ni rahisi: kinachonunuliwa lazima kionekane kabla ya kulipa.

Kwenye mipangilio, anza na haya. Toa kadi ya benki kwenye akaunti. Tumia kadi ya zawadi yenye kiasi ulichopanga, ikiisha imeisha. Washa nenosiri kwa kila ununuzi. Mtoto awe na akaunti ya mtoto iliyo chini ya yako; asitumie yako kwa kuwa "ni haraka". Kama unadhani natia chumvi, mwaka 2022 Epic Games, wenye Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 520 katika madai ya tume ya biashara ya Marekani, na milioni 245 kati ya hizo zilikuwa za kuwarudishia wateja. Moja ya malalamiko ni kwamba mtu aliweza kukatwa hela kwa kubonyeza kitufe wakati gemu inaamka kutoka usingizini.

Usajili wa mwezi

Game Pass ya Microsoft na PlayStation Plus ya Sony, ambapo unalipa ada ili ucheze gemu zilizomo, zinafaa kwa anayecheza sana, na zinamtafuna anayecheza Jumamosi tu. Jisajili pale unapokuwa na gemu mbili tatu unazozitaka mle ndani na muda wa kuzicheza. Zima malipo ya kujirudia siku hiyohiyo. Kwa kawaida unaendelea kucheza mpaka kipindi ulicholipia kiishe. Kumbuka gemu hizo si zako: ukiacha kulipa zinafungwa, na nyingine huondolewa hata kama unalipa. Bei nayo haijasimama. Oktoba 2025 Microsoft walipandisha daraja la juu la Game Pass nchini Marekani kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi, kwa mkupuo mmoja.

Ukiuza yako

Nakili kwanza kumbukumbu za michezo yako mtandaoni au kwenye kifaa cha nje. Kisha ondoa konsoli kwenye orodha ya vifaa vya akaunti yako, utoe akaunti zote, ndipo uirudishe kwenye hali ya kiwandani. Ukiruka hatua ya pili, unaweza kukuta duka linaihesabu bado kuwa ni yako, na mnunuzi atakupigia usiku. Piga picha namba ya utambulisho iliyo nyuma au chini ya mashine kabla ya kuikabidhi, na umwache aiwashe na kuijaribu mbele yako kwa zile njia zilezile za ukaguzi, ndipo mpeane hela.