SOMO: Kuunga printa ya leza ya kizamani kwenye mtandao wa nyumbani

Wakuu, hapa Kigoma haipiti wiki bila mtu kunitumia picha ya laptopu imeandika "offline", eti printa imekufa. Haijafa. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namrushia uzi huu.

Nazungumzia printa zenye tundu la waya wa mtandao nyuma, kama HP P2015n na P2055dn zinazokuja kwa mtumba. Ni mashine ngumu, na tona (kopo la unga wa wino) ya 05A ya hiyo P2055 imekadiriwa kurasa 2,300.

1. Chomeka waya wa LAN (ndio huo wa mtandao) toka printa hadi ruta. Mifi isiyo na tundu la waya haifai.

2. Washa, printi ukurasa wa maelezo. P2015 unashikilia kitufe cha Go sekunde kama 5. Yenye kiskrini, ingia kwenye ripoti. Tafuta IP, yaani anwani ya printa kwenye mtandao. Ukikuta inayoanza na 169.254, au 192.0.0.192, ruta haijaipa anwani: kagua waya, zima, washa.

3. FUNGA ANWANI. Hapa ndipo mnapoharibu. Umeme ukikatika, ruta ikiwaka inaweza kugawa anwani upya. Jana printa ilikuwa 192.168.1.104, leo ni 107, na laptopu bado inagonga hodi nyumba ya zamani. Ingia kwenye ruta, tafuta sehemu ya DHCP (ndiyo inayogawa anwani), uitengee printa anwani yake kwa namba ya MAC (kitambulisho cha kifaa chenyewe) iliyo kwenye ule ukurasa. Tahadhari: usijiandikie tu kwenye printa anwani iliyo miongoni mwa zile ruta inazogawa. Siku ruta ikimpa mgeni namba hiyohiyo kwa simu yake, vitagombana, na printa itakuwa inapatikana na kupotea bila mpangilio. Pili, ukibadilisha ruta kazi hii inarudiwa. Msiseme sikusema.

4. Kwenye Windows usisubiri iitafute yenyewe. Ongeza printa kwa anwani ya IP, na kwenye aina ya kifaa chagua TCP/IP Device.

5. Draiva (programu ya kompyuta kuongea na printa): ile ya HP ya jumla, iliyoandikwa PCL 6, kutoka tovuti yao. Sio ya flashi ya jirani.

6. Bado inasema offline na anwani ni sahihi? Kwenye mipangilio ya poti ya printa hiyo ndani ya Windows, ondoa tiki ya SNMP (njia ya kompyuta kuiuliza printa hali yake).

MASWALI

Mdau wa Mwanga: Mkuu yangu haiprinti, msaada wa haraka.
Jibu: Ukurasa wa maelezo unasema IP gani?
Mdau wa Mwanga: Sijaprinti huo ukurasa.
Jibu: Hatua ya 2.

Mwalimu wa Ujiji: Shikamoo fundi. Yangu ni LaserJet 1020, ina USB tu. Nikinunua kile kiboksi cha kugeuza USB kuwa LAN itakubali?
Jibu: Marahaba mwalimu, umeuliza kabla ya kununua, safi. 1020 haihifadhi programu yake ya ndani. Kila ikiwashwa lazima kompyuta iitumie upya, na viboksi vingi vya bei rahisi havijui kazi hiyo. Njia rahisi: iache kwenye kompyuta moja ya Windows, ishirikishe kwa wengine, ila kompyuta hiyo iwe inawaka. Ukipenda kuchezea Linux, weka kompyuta kuukuu au Raspberry Pi (kikompyuta kidogo) yenye CUPS, programu ya kuprinti ya Linux, na draiva ya foo2zjs. Hiyo inaituma programu yenyewe printa ikiwaka. Ukikwama, andika hapahapa.

Mdau wa Gungu: Kwa hiyo fundi unatuambia tununue ruta mpya? Haya matangazo.
Jibu: Soma tena. Sijauza kitu.

Mama wa steshenari: Mwanangu, umeme wetu unaujua. Niichomeke kwenye UPS pamoja na kompyuta?
Jibu: Hapana mama. Leza ina sehemu ya kuunguzia wino kwenye karatasi, na ikipasha moto inavuta umeme mwingi kwa mkupuo. UPS ndogo inalia na kuzima kila kitu. UPS ibaki na kompyuta na ruta. Printa chomeka ukutani kupitia kilinda umeme.
Mama wa steshenari: Na karatasi zinatoka zimejikunja tangu mvua zianze.
Jibu: Zimenyonya unyevu. Usiache rimu wazi, na usiache karatasi zilale kwenye trei usiku. Hizo zilizojikunja zigeuze upande wa pili, zitapita.