Kuomba mahakama ibatilishe ndoa: hatua nne, na ile inayowaangusha wengi

Mwaka jana kijana mmoja alinijia miezi 14 baada ya harusi yake. Ushahidi alikuwa nao, muda ndio ulishampita. Naandika ili mwingine asikwame hapo. Sheria ninayoifuata ni Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971.

1. Jua ndoa yako iko kundi gani. Ndoa batili haikuwa ndoa tangu mwanzo: mathalani, ninyi ni ndugu waliokatazwa kuoana, au ulilazimishwa (kifungu cha 38). Ndoa inayoweza kubatilishwa (39) ni halali mpaka mahakama iibatilishe: mwenzi hawezi tendo la ndoa au amelikataa kwa makusudi, au siku ya ndoa alikuwa na kichaa au kifafa cha kujirudia, ugonjwa wa zinaa wa kuambukiza, au mke alikuwa na mimba ya mwingine. Mahari kutolipwa, au ndoa kutosajiliwa, si sababu (41).

2. Tafuta cheti cha ndoa.

3. Panga tarehe. Kwa kichaa, kifafa, ugonjwa wa zinaa na mimba, kifungu cha 97 kinataka mambo matatu kwa pamoja. Siku ya ndoa hukujua. Umefungua shauri ndani ya mwaka mmoja tangu *ndoa*, si tangu ulipogundua. Na tangu ugundue, hamjakutana kimwili kwa ridhaa yako.

Kijana yule aligundua mwezi wa tatu baada ya harusi: wiki za mimba kwenye kadi ya kliniki zilizidi umri wa ndoa. Wazee wakamsihi avumilie. Vikao vikala miezi 11, na chumba kikabaki kimoja. Kadi ilikuwa safi ndani ya bahasha ya kaki, lakini masharti mawili yalishavunjika. Iliniuma sana.

Wazee waheshimu, ila kikao kisikuzuie kwenda mahakamani. Andika kwenye daftari, kwa kalamu: siku ya ndoa, siku uliyogundua na namna ulivyogundua, siku ya mwisho mliyolala pamoja. Simu siiamini kwa kazi hii, huibiwa.

4. Fungua shauri. Kupitia kwanza baraza la usuluhishi la ndoa ni sharti la talaka, si la kubatilisha. Hata kungoja miaka miwili ya ndoa ni kwa talaka tu, na mahakama inaweza kukuruhusu mapema. Kijana wetu ilibidi aende njia hiyo ya talaka, akaanzia barazani.