Kabla Hujalipia Krimu ya Uso, Geuza Boksi

Mbele ya boksi kuna tangazo. Habari yenyewe iko nyuma, chini ya neno Ingredients, kwa herufi ndogo mno. Ipige picha kwa simu, ikuze, uisome ukiwa bado dukani, maana kopo likishafunguliwa muuzaji halipokei tena.

Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Ndiyo sababu losheni nyingi huanza na Aqua, yaani maji, na Glycerin hufuata karibu. Utaratibu huo una mwanya mmoja: vyote vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote mtengenezaji apendavyo. Mpaka huo hauandikwi, lakini unaweza kuukisia. Tafuta Phenoxyethanol, kihifadhi kinachotumika sana, ambacho kwa sheria ya Umoja wa Ulaya hakipaswi kuzidi asilimia 1. Kinachotajwa baada yake kwa kawaida nacho hakifiki hapo. Sasa chukua losheni mbili, zote zimechorwa mbegu za shea kwa mbele. Ya kwanza inataja Butyrospermum parkii, ambayo ndiyo shea, katika nafasi ya tatu; ya pili inaitaja nyuma ya Phenoxyethanol. Hata zikiuzwa bei moja, hiyo ya pili imewekewa shea kidogo tu ili jina lipate kuandikwa.

Kuwa nyuma si kosa kwa kila kiambato, hata hivyo. Retinoli, aina ya vitamini A, hufanya kazi hata ikiwa asilimia 0.3 au pungufu, kwa hiyo kuikuta mwishoni ni kawaida (mjamzito aiache kabisa). Niasinamidi ya madoa na mafuta usoni huhitaji kama asilimia 2 hadi 5, kwa hiyo itafute karibu na mwanzo. Asidi ya salisili ya chunusi huishia asilimia 2 katika bidhaa za kawaida za dukani.

Majina ya Kilatini yasikutishe. Cocos nucifera ni nazi, Helianthus annuus ni alizeti, Sesamum indicum ni ufuta, Ricinus communis ni nyonyo. Petrolatum ni yale mafuta ya mgando ya kila siku, nayo yasidharauliwe: kwa bei yake, ni vigumu kupata kitu kinachozuia maji yasitoke kwenye ngozi kavu vizuri kuyashinda. Neno alcohol nalo huchanganya wengi. Cetyl alcohol na Cetearyl alcohol ni mafuta magumu mfano wa nta, yanayoipa krimu uzito wake, wala si kileo. Inayokausha ngozi ni Alcohol denat., hasa ikiwa miongoni mwa vitu vitatu au vinne vya kwanza. Na kama ngozi yako huwashwa upesi, epuka Parfum, yaani manukato. Maandishi unscented (isiyo na harufu) hayatoshi, kwani bidhaa ya namna hiyo inaweza kuwa imetiwa manukato ya kufunika harufu. Tafuta fragrance free, yaani isiyotiwa manukato.

Sehemu ya kusoma mara mbili ni krimu zinazoahidi kung'arisha au kuondoa madoa kwa siku chache. Hapo kuna majina matatu ya kukufanya uirudishe rafuni. Hydroquinone imepigwa marufuku katika vipodozi Tanzania na Kenya. Ikitumika muda mrefu inaweza kuacha mabaka ya bluu-nyeusi kwenye mashavu, na mabaka hayo ni magumu sana kutoka. Zebaki hujificha chini ya Calomel, Mercurous chloride au Ammoniated mercury. Huharibu figo, na mvuke wake huwafikia hata watoto wa nyumba hiyo wasiojipaka. Wakati mwingine haitajwi, ila maelekezo humponza mtengenezaji: ukisoma kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha wala alumini, shuku zebaki, kwa sababu hushikana na metali hizo na kuziharibu. La tatu ni steroidi, kama Clobetasol propionate na Betamethasone. Hizi ni dawa za hospitali. Wiki za mwanzo uso hulainika na chunusi hupotea, ndipo watu hunaswa. Baadaye ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, michirizi hutokea, na ukiacha ghafla uso huwaka na kuvimba. Aliyekwisha kuitumia kwa miezi aende kwa daktari wa ngozi na kopo lenyewe mkononi, apangiwe namna ya kuiacha.

Mkorogo unaopimwa kwenye kopo lisilo na lebo hauna cha kusoma, kwa hiyo hauna cha kulinganisha. Usiununue. Tanzania, tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango. Kenya ni KEBS. Tazama alama ya ubora, tarehe ya mwisho, na kile kikopo kilichochorwa kifuniko wazi: 12M maana yake miezi 12 tangu siku ya kukifungua, basi andika tarehe hiyo kwa kalamu chini ya kopo.

Kwa madoa meusi usoni, krimu ya jua yenye rangi ina faida ambayo ile nyeupe haina. Tafuta CI 77491, CI 77492 na CI 77499, yaani oksidi za chuma. Huzuia mwanga unaoonekana kwa macho, ambao nao hukoleza madoa kwenye ngozi nyeusi. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili ya krimu, urefu wa kidole cha shahada na cha kati; ukiwa juani, rudia kila saa 2.

Bei zilinganishwe kwa mililita. Krimu ya mililita 50 kwa shilingi 15,000 ni shilingi 300 kwa mililita. Ya mililita 200 kwa 30,000 ni shilingi 150.

Ukishanunua, usianzie usoni. Paka kiasi kidogo ndani ya mkono, chini ya kiwiko, mara 2 kwa siku kwa siku 7 hadi 10. Pakiwasha, pakivimba au pakitoka vipele, nawa na uache. Bidhaa mbili mpya zisianze wiki moja, maana uso ukiharibika hutajua ni ipi iliyoanza.